Karo Lisilojaa

Baba alijenga nyumba yetu mwaka 2006, na kitu alichojivunia kuliko bati na milango yake ya mninga kilikuwa karo, shimo la maji machafu ya chooni. Fundi alichimba siku mbili, sururu ikigonga jiwe na kurudi mikononi mwake. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, mlio ukabadilika. Chuma kikazama mpaka kwenye mpini, na kwenye tundu lile ukatoka upepo wa baridi uliompiga usoni. Fundi akapanda juu akicheka, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. "Mzee wangu, wewe una bahati," akasema. "Hili halijai maisha."

Na kweli halikujaa. Jamaa zetu wa mjini kila baada ya muda huita gari la kunyonya karo. Sisi gari hilo tulilijua kwa kusimama kando lipite. Mgeni akija, Baba humzungusha uani, akagonga mfuniko wa zege kwa ncha ya bakora. "Tangu tuhamie," husema, "hata mara moja."

Mimi nilikuwa darasa la sita. Kabla hawajalifunika nilikwenda kuusikia upepo ule mwenyewe: nililala kifudifudi ukingoni nikanyoosha mkono. Ulikuwa na harufu ya jiwe lililolowa, na ulinikumbusha kitu ambacho sikuweza kukipa jina. Miaka tisa baadaye, nikiwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wetu wa jiolojia alichora ubaoni mwamba wenye matundu, chini yake mstari wa maji, akaeleza kwamba shimo linalopumua limeungana na uwazi mkubwa zaidi huko chini. Kalamu ikanisimama mkononi. Harufu ile ilikuwa ya pangoni, pale Bibi alipokuwa akiteka maji, hatua kama mia tatu kutoka uani kwetu.

Kijiji chetu kiko kusini mwa Unguja, kati ya Jambiani na Makunduchi. Jina lake naliacha, kwa sababu nitakayoyaeleza yanawahusu watu walio hai. Ni nchi ya mawe. Wenyewe tunasema maweni. Mtu hatembei peku huko. Jiwe lina meno, la kijivu kwa juu na jeupe ndani, limetobokatoboka kama uso wa mkate wa chila. Ukivunja kipande utaona tumbawe zima, vijumba vyake vimepangana vile vile lilivyoota chini ya bahari. Sehemu ya mwamba huu wa pwani ni matumbawe yaliyoota miaka kama 125,000 iliyopita, bahari iliposimama mita kadhaa juu ya hapa ilipo leo. Muhogo na tungule hupandwa kwenye mifuko ya jiwe, palipokusanyika vitanga viwili vya udongo mwekundu. Mama hupanda mpapai mahali ambapo mgeni hataona udongo hata kidogo, na mpapai ukazaa.

Wakulima wa Unguja walikuwa na majina ya ardhi yao kabla ya chuo chochote. Kinongo ni ule udongo mwekundu wenye nguvu unaokaa juu ya chokaa. Mchanga ni mchanga. Uwanda ni pale udongo unapokuwa mwembamba na jiwe li karibu. Maweni ni pale jiwe lenyewe linapokuwa ndiyo ardhi. Ukilisikiliza jina unajua utalima nini, na ukifikiri kidogo unajua pia mvua itakwenda wapi. Unguja hupata kama milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, ingawa sisi wa mashariki hupata pungufu. Masika yakipiga, yanapiga hasa. Nusu saa baada ya mvua kukatika, upande wa maweni huoni hata dimbwi la kuku kunywa. Mto hatuna. Hata vijito vinavyoshuka kutoka kwenye vilima vya upande wa magharibi, kadhaa havifiki baharini. Vikilikuta jiwe, huzama.

Yanayotokea chini ni haya. Mvua ikishuka hubeba kaboni dayoksaidi ya angani, kisha hubeba nyingi zaidi inapopita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza. Hapo hupata ukali mdogo, ukali ambao ulimi hausikii lakini chokaa inausikia. Tone kwa tone, kwa maelfu ya miaka, ufa wa unene wa unywele huwa tundu la kidole, tundu huwa njia, njia huwa pango. Nchi za namna hii wanajiolojia huziita karsti, kwa jina la uwanda wa mawe wa Kras ulio kati ya Slovenia na Italia. Pwani kuna kingine cha ajabu: maji matamu yaliyokwisha kushiba chokaa yakikutana na maji ya bahari yaliyoshiba pia, mchanganyiko wao unaweza kuwa na njaa upya, ukaanza kulila jiwe. Ndiyo maana mapango hupenda kujipanga karibu na bahari, ikiwa ile ya leo au ile ya zamani.

Bahari ya zamani haikukaa ilipo. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, maji yalishuka mita zipatazo 120, na Unguja ikawa imeungana na bara. Pango la Kuumbi, nyuma ya Jambiani, lina ushahidi. Wachimbuaji walikuta humo mabaki ya wawindaji wa enzi hizo pamoja na mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hakuna Muunguja aliyewahi kuwaona wakila majani kisiwani mwake. Na chini ya pango kuna maji. Mimi siku zote huona kwamba wawindaji wale walifuata maji kwanza, kama sisi.

Pemba ni hadithi nyingine, na sitaidanganya kuwa naijua kama kwetu. Mkondo unaoitenga na bara una kina kikubwa mno, kwa hiyo ilibaki kisiwa hata bahari iliposhuka. Vilima na mabonde yake mengi ni ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, na maji hutiririka juu mtu akayaona. Lakini ukifika Micheweni, au ukienda Kigomasha, unakuta jiwe lile lile lenye meno.

Nirudi kwenye pango la Bibi. Mdomo wake uko chini ya mkuyu, na mizizi ya mkuyu huo imeshuka mpaka majini kama kamba za mashua. Unashuka ukiwa umeinama, mkono mmoja ukutani, popo wakikupita masikioni, mpaka unafika kwenye jiwe bapa lililong'arishwa na nyayo za wanawake. Maji huwezi kuyaona mara moja. Ni maangavu kiasi kwamba unadhani bado kuna hewa, mpaka ndoo inapogusa. Bibi alikuwa na masharti: viatu juu, sabuni hapana, kelele hapana. Pembeni palikuwa na chetezo na vitambaa, maana watu walikuja kufukiza ubani kwa mizimu.

Habari ya mizimu ni mazungumzo mengine, na nyumbani kwetu yaliwahi kuwa makali. Ninachosema ni kwamba vizazi vyote ambavyo pango lile lilikuwa na mwiko, hakuna aliyefua ndani yake wala aliyetupa taka mdomoni mwake. Watu walipoacha mwiko, hapakuwa na sheria yoyote iliyokuja kukaa pale mwiko ulipokuwa umekaa. Nilipomaliza chuo nilikuta chupa za plastiki, nepi za watoto na betri kwenye jiwe bapa la Bibi. Nilikaa pale nikalia.

Bibi alikuwa na neno moja ambalo utotoni nililichukua kama desturi tu: "Bamvua, nenda magharibi." Maana yake, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, usiende kuteka mchana, ngoja karibu na sala ya magharibi. Nikiwa mwaka wa tatu, likizo ya Desemba, nilishuka na kamba ya nailoni yenye fundo kila sentimita 10, nikafunga jiwe nchani, nikakaa pangoni kutwa nzima nikiandika kila baada ya robo saa. Siku ile bahari ilijaa muda wa saa kumi jioni, kama inavyojaa bamvua zote huku kwetu. Maji ya pangoni yaliendelea kupanda baada ya bahari kuanza kupwa, yakafika juu kabisa saa kumi na mbili na dakika chache. Muda si mrefu baadaye, juu ya kichwa changu, kwa mbali, nilisikia muadhini. Yalikuwa yamepanda shibiri nzima, na ndoo ilifika bila mtu kujinyoosha. Nilirudia wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu. Yakapanda upana wa kidole.

Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilitamani sana nimwambie kuwa neno lake ni kipimo. Kama pango linaitikia bahari iliyo zaidi ya kilomita moja mbali, tena kwa kuchelewa saa mbili tu, basi kati yao kuna njia wazi ndani ya jiwe. Na njia inayoruhusu msukumo wa bahari kuingia inaruhusu na vingine kupita.

Maji tunayokunywa huku si ziwa lililofichwa chini. Ni maji ya mvua yanayoelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walionyesha hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama utajiri. Igeuze: ukivuta maji mpaka usawa wake ushuke kwa mita moja, chumvi chini inaweza kupanda mita 40. Huku kwetu maji yanasimama juu ya bahari kwa kiasi ambacho pengine hakifiki hata goti, na ndani ya jiwe lenye matundu hesabu yenyewe haitulii, kwa sababu chumvi hupata njia za mkato.

Ndiyo maana visima vya wazee wetu ni vifupi. Walichimba kwa mkono mpaka wakagusa maji, wakasimama. Kina cha maji ndani ya kisima mara nyingi hakizidi magoti. Walikuwa wakiengua mafuta juu ya mchuzi.

Nyumba moja ya wageni iliyojengwa ufukweni miaka michache iliyopita ilileta mashine ikachimba kisima kirefu, kwa imani kwamba ukienda chini zaidi utapata maji mengi na safi zaidi. Ukiwa kwenye mchanga wa bara pengine ni kweli. Hapa walipita kwenye matamu wakaingia kwenye chumvi. Wakapandisha pampu juu kidogo, wakavuta usiku na mchana, na kabla masika hayajafika visima viwili vya jirani vikaanza kuharibu chai. Mama mmoja aliniletea kikombe nionje. Ilikuwa chai ya maziwa, na chumvi yake ilinibaki kwenye koo. Wenye nyumba ile hawakukusudia ubaya. Walikuwa wamepewa hati ya kiwanja yenye vipimo vya pande nne, na hapakuwa na karatasi yoyote iliyowaambia kilicho chini.

Tofauti ya matumizi ilipimwa zamani. Mtafiti Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 utafiti wa pwani ya mashariki ya Unguja, akakuta kwamba mtalii mmoja hutumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, na mwenyeji lita 48. Bustani, mabwawa ya kuogelea na kufua shuka ndivyo vinavyokunywa. Sipingi utalii; ndugu zangu wawili wanakula kwa kazi hiyo. Lakini tunda lisilohesabiwa huliwa na wa kwanza kuamka.

Chumvi angalau huisikia ulimini. Kinachonikosesha usingizi ni kile usichokisikia. Kwenye udongo au mchanga, maji machafu hupenya taratibu. Yanachujwa, vijidudu vinanasa kwenye chembe, vingine vinakufa njiani kabla ya kufika popote. Kanuni inayotajwa sana, ya choo kukaa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, inategemea kazi hiyo ya udongo. Kwenye karsti hakuna wa kuifanya. Maji yanaingia tunduni na kutembea kama kwenye mfereji.

Watu walilijua hili zamani. Huko kusini mwa Ujerumani mto Danube hupoteza maji yake kwenye mawe ya chokaa karibu na Immendingen. Mwaka 1877 profesa Adolf Knop alitia humo kilo 10 za rangi ya fluoresini, na pia chumvi kwa matani. Siku mbili na nusu baadaye chemchemi ya Aach, kilomita kama 12 kutoka pale, iligeuka kijani. Kilomita 12 kwa siku mbili na nusu! Karo letu na pango la Bibi vimetengana kwa hatua mia tatu.

Hapa kijijini sijatia rangi yoyote. Fluoresini kidogo haina madhara, lakini huwezi kuyageuza kijani maji ya watu bila ruhusa na bila kila mnywaji kuarifiwa. Nilianza na kilicho rahisi: vichupa vyenye kipande cha karatasi kilichotiwa dawa. Unajaza maji, unafunga, unaweka mahali penye joto siku moja au mbili. Vijidudu vya kinyesi vikiwamo, maji hugeuka meusi. Nilichukua maji ya visima na mashimo tisa, nikavipanga vichupa juu ya kabati la vyombo la Mama, kila kimoja na jina lake kwa kalamu. Asubuhi ya pili cha pango la Bibi kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Kufikia jioni vilikuwa vimekuwa sita. Mama alisimama mbele ya kabati muda mrefu, kanga mdomoni. Kisha akaenda jikoni akabandika sufuria kubwa, na tangu siku ile hakuna maji yanayonywewa nyumbani bila kuchemshwa.

Kipindupindu si hadithi kwetu. Mwaka 2009 Unguja na Pemba zilifanyiwa kampeni ya chanjo ya kipindupindu ya kumeza, katika shehia zilizokuwa zikishikwa mara kwa mara. Chanjo ni jambo jema. Njia ya chini ya jiwe inabaki pale pale.

Baada ya vichupa vile ndipo nilipoanza ramani, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani ramani ya jiolojia ni picha ya rangi rangi ya kutundika ofisini.

Ramani ya kwanza ya jiolojia ya Zanzibar niliyowahi kuisoma ilitoka katika ripoti ya G. M. Stockley ya mwaka 1928. Kazi kubwa, imefanywa kwa miguu. Inakuonyesha wapi chokaa inakoma na wapi mchanga na udongo wa mfinyanzi unaanza. Lakini imechorwa kwa kipimo cha kisiwa, na kwa kipimo hicho kijiji chetu kizima kinaenea chini ya ukucha. Shimo lililo nyuma ya jiko la mtu haliwezi kuonekana. Kisha kuna picha za droni: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na washirika wengine, walipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa undani ambao unahesabu minazi mmoja mmoja. Nilizitazama picha za eneo letu kwa siku nyingi. Wakati wa kiangazi, maweni yote yakiwa yamekauka, kuna vishada vya kijani kibichi, vya mviringo, kama mtu amedondosha wino. Mikuyu. Mkuyu hauwezi kunywa jiwe. Mizizi yake imepata njia.

Nilikwenda kila kishada kwa miguu. Si vyote vilivyokuwa na shimo, na yapo mashimo yasiyo na mti. Hapo ndipo nilipowaendea waliokuwa na ramani tangu mwanzo: wanawake wanaokata kuni na wazee waliochunga mbuzi. Tulikuwa tukiondoka baada ya alfajiri, mimi na simu yenye dira na daftari, wao na mapanga. Kila shimo lilikuwa na jina: shimo la mbuzi, shimo la popo, kisima cha wake wenza, pango la maji mabaya. Hilo la mwisho nilichekelea moyoni kwamba nitakuta hadithi ya shetani. Nilipochota na kupima, maji yake yalikuwa na chumvi kuliko yote.

Bibi mmoja, makamo ya marehemu bibi yangu, alinishika mkono nilipoandika jina la shimo kisha nikataka kuondoka. "Mjukuu wangu, umeandika mdomo tu," akasema. "Andika na linakoelekea." Akaniambia nilale chini nisikilize. Nikasikia maji, mbali, upande wa kusini mashariki. Tangu hapo kila shimo nililiandikia mambo manne: lilipo, upana wake, upande ambao nyufa zake zinaelekea, na maji yako umbali gani chini na yana chumvi kiasi gani.

Baada ya likizo tatu nilikuwa na mashimo 64. Niliyaweka yote kwenye karatasi moja, kila moja nukta, kila ufa mstari mdogo. Kwa muda yalionekana kama punje za mtama zilizomwagika. Usiku mmoja, umeme umekatika, nikaiinua karatasi mbele ya taa ya chemli, na mistari ikaanza kupangana. Nyufa nyingi zilielekea upande mmoja, na nukta zilifuata nyufa. Mfululizo mmoja ulianzia nyuma ya skuli, ukapita kwenye uwanja wa mpira, ukapita uani kwetu, ukapita pango la Bibi, ukafika ufukweni mahali ambapo wanawake wa mwani wanapajua sana. Bahari ikipwa, pale mchangani hutoka maji baridi. Wao huoshea miguu hapo, na hulalamika kuwa mwani unaofungwa karibu haustawi.

Niliweka kidole kwenye nukta ya uani kwetu, nikakivuta mpaka ufukweni. Hapakuwa na haja ya rangi ya kijani.

Ninapoizungumza ramani hii na watu wa mipango huwaeleza inavyofanya kazi kwa mifano midogo. Kiwanja hiki kikisogezwa mita 40 magharibi, karo lake halikai juu ya mfululizo. Jaa la kijiji lilikuwa litiwe kwenye shimo la zamani la kuchongea matofali ya mawe, kwa kuwa "shimo tayari lipo"; shimo lile sakafu yake ina ufa unaopitisha mkono. Barabara mpya inahitaji mfereji wa mvua, na mafundi hupenda kuumalizia kwenye tundu lolote linalomeza maji haraka, pamoja na mafuta ya magari yote. Kumeza haraka ndiyo dalili ya hatari. Mahali pa kuchimbia kisima cha kijiji ni upande wa ndani, mbali na pwani, penye udongo wa kinongo juu, kifupi, kivutwe kidogo kidogo. Ofisi moja niliyoipelekea karatasi hizi iliniambia kuwa ramani ya mashimo si ramani ya ardhi. Nilijibu kwa adabu, nikatoka, nikakaa kwenye kivuli cha mwembe nje mpaka hasira ikatulia.

Muda hatuna mwingi. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Watu hawa wanataka pa kuishi, na maweni ndiko kulikobaki, kwa kuwa hakulimiki vizuri na huuzwa rahisi. Kila wiki naona vigingi vipya. Mji wenyewe unajua thamani ya chemchemi: Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kwa mfereji kutoka upande wa Bububu, na chemchemi za Bububu na Mtoni zimeendelea kuwanywesha watu wa mjini baada yake. Nyumba zimezisogelea nazo. Kuchora njia za chini kabla ya kugawa vya juu kungegharimu miguu, daftari, vipimo na watu wawili watatu waliosoma kwa kila shehia. Sheha wetu amelielewa. Ametundika nakala ya karatasi yangu ukutani kwake, na siku hizi mtu akija na barua ya kiwanja humwambia kwanza, "Hebu njoo tutazame umekaa wapi."

Kwa Baba nilichelewa kwenda. Ilikuwa rahisi kuzungumza na maofisa kuliko na yeye. Mwishowe nilikaa naye barazani baada ya magharibi, nikamwekea kichupa cheusi na karatasi. Hakusema kitu. Alikishika kichupa akakigeuza, akanyanyuka, akaenda uani, nikasikia bakora ikigonga mfuniko mara moja. Wiki nzima hatukulitaja. Kisha akanipigia simu mjini kuniuliza saruji mifuko mingapi.

Tulifukia tundu kwa mawe na zege. Karo jipya lina sakafu, kuta zimepigwa plasta ndani, halivuji. La choo peke yake. Maji ya kuogea na kufulia yanakwenda kwenye migomba, kwenye tuta la kinongo tulilolinunua gari mbili. Najua halimalizi jambo: mahali gari la kunyonya linapokwenda kumwaga napo panataka ramani yake, na majirani zetu kumi na moja juu ya mfululizo ule bado wana makaro yasiyojaa. Wanne wamekuja kutazama letu.

Mwezi uliopita nilikuwa kazini, simu ikaita. Baba hapendi kupiga asubuhi, nikashtuka. "Kuna nini, Baba?"

"Limejaa," akasema. "Nipe namba ya watu wa gari."